Kisa cha Starlet ya Sakina: afunge turbo ipi, CT26 ya Land Cruiser, TD04 ya Subaru au CT9?

Gari ni Toyota Starlet EP91, injini 4E-FE ya cc 1,331, gia za mkono, haina turbo, yani haina ile pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi kusukuma hewa zaidi kwenye injini. Kiwandani ilitoka na hp 85 na torki 118 Nm. Mwenye gari ni chalii wa Sakina hapa Arusha, fundi wa friji na eisii, na kazi zake nyingi ziko kwenye malodge ya Karatu, kwahiyo akipigiwa simu anapakia mtungi wa gesi, pampu yake ya kunyonya hewa, boksi la spana na msaidizi wake, anatoka Arusha anapita Makuyuni mpaka Mto wa Mbu, afu pale ndo shughuli inaanza maana barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa Manyara linabaki chini mkono wa kushoto na Starlet inaanza kuomba gia ya pili huku malori nayo yako mbele na basi linapiga honi nyuma.

Alikuja gereji kashika turbo mkononi tayari. CT26, imetoka kwenye Land Cruiser 80 ya dizeli yenye injini ya 1HD-T ambayo ilikufa, kapewa na jamaa mwenye magari ya watalii kwa bei ya kirafiki kabisa. Akauliza, "Braza, hii inaingia?" Nikamwambia kuingia itaingia, chuma kikichomelewa kinakaa popote, ila swali ni kama itakupa kitu unachokitafuta pale kwenye kona za Mto wa Mbu. Na kichwani alikuwa na mpango wa pili, TD04L ya Subaru Forester, kuna mtu kamwambia hiyo ndo turbo ndogo kwasababu ni 04 wakati ile ya Starlet zilizotoka na turbo kiwandani ni CT9, na nne ni ndogo kuliko tisa. Hapo nikaona tukae chini tuongee vizuri, maana kijana ana hela ya kufanya hii kazi mara moja tu na gari ndo inamlisha.

Nimeamua kuandika kisa kizima kwasababu Arusha turbo za mtumba zimejaa, mji wa Land Cruiser na Subaru, na watu wanachagua kwa bei au kwa kile kilichopo mezani. Msimamo wangu ni kwamba saizi ya turbo inachaguliwa na mizunguko kwa dakika ambayo injini yako inaishi kila siku, pamoja na hewa ya mahali unapoendesha. Namba ya hp unaiangalia baada ya hapo.

Kabla ya yote tukaangalia gari lenyewe. Kompresheni, yani presha ambayo pistoni inaijenga ndani ya silinda, ilikuwa karibu sawa kwa silinda zote nne, na hapa niwaambie mafundi wenzangu wa huku juu, ukipima kompresheni Arusha namba inakuja chini ya ile ya kitabu hata kama injini ni nzima, kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kwahiyo angalia zaidi tofauti ya silinda na silinda. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi, plagi zimekula, tukabadilisha, gari ikachangamka kidogo ila kilima kikabaki kilima.

Sasa hewa. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Dar presha ya hewa ni 1.01 bar, hapa ni kama 0.86, Moshi wako chini yetu kwenye mita 800 na kitu kwahiyo wao wana kama 0.91. Injini isiyo na turbo inavuta ujazo uleule wa hewa kila mzunguko popote ilipo, ila hewa yenyewe huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na nguvu inashuka hivyohivyo. Zile hp 85 za kiwandani kwa hapa mjini zinabaki kama 73 hata injini ingekuwa imefunguliwa kwenye boksi leo. Ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, presha ni kama 0.77 na hp zimebaki kama 65. Watu wengi wanauza Starlet na Vitz zao huku wakisema injini imechoka wakati injini ni nzima, ni hewa tu. Kwahiyo turbo huku kwetu kazi yake ya kwanza ni kurudisha kile ambacho mwinuko umechukua, na cha ziada kinakuja juu ya hapo.

Afu nikapanda naye mpaka juu ya ukuta, mi nimekaa kushoto naangalia geji ya mizunguko muda wote. Mlima wote anauendesha kwenye gia ya pili na ya tatu, mshale unacheza kati ya 2,200 na 3,800. Tambarare ya Makuyuni anatembea kwenye 3,000 na kidogo. 5,000 hakuigusa kabisa, na hana sababu ya kuigusa, amebeba mitungi ya gesi na mtu. Hii safari moja ilijibu nusu ya swali vizuri kuliko kitabu chochote. Turbo yake lazima iwe imeshaamka kabla ya 3,000, na ikikata pumzi juu ya 5,500 hatojua hata.

Kwa wasiozoea, turbo ina pande mbili kwenye shafti moja. Upande wa moto ni tabini, inazungushwa na moshi wa eksozi, upande wa baridi ni kompresa, inavuta hewa ya nje na kuisukuma kwenye injini. Tabini ikiwa kubwa moshi wa injini ndogo unapita humo bila kuizungusha vya kutosha. Kompresa ikiwa kubwa sana inataka hewa nyingi ipite ndo ifanye kazi vizuri, hewa ikiwa kidogo na presha ikiwa juu inaanza kurudisha hewa nyuma kwa kutetemeka, na huo mtetemo unaua beringi. Huyu chalii ni fundi friji kwahiyo nikamwambia kwa kazi yake mwenyewe, chukua kompresa ya chumba baridi cha bucha uifunge kwenye friji ndogo ya dukani, utapata ubaridi zaidi? Akacheka, akasema hapo umeua friji na umeme juu. Basi hatukuhitaji kubishana tena kuhusu ukubwa kuwa sifa.

Hesabu tulifanya kwenye karatasi, na naiweka hapa maana inafanyika kwa simu tu. Injini ya mipigo minne silinda inavuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, kwahiyo chukua lita za injini gawa mbili zidisha kwa mizunguko. 1.331 gawa 2 mara 5,800 unapata lita 3,860 kwa dakika. Silinda haijai asilimia mia, weka 88, unabaki na lita 3,400. Upande wa nguvu, injini ya petroli yenye turbo ikiwa inachoma vizuri na mafuta yamezidi kidogo kwa usalama, kila kilo ya hewa kwa dakika inakupa kama hp 21. Tukalenga hp 105. Mbona kidogo, aliuliza, nikamwambia leo hapa Arusha unaendesha 73, 105 ni zaidi ya asilimia 40 juu, na injini yako ina kompresheni ya 9.6 kwa 1, yani ujazo wa silinda unabanwa mara 9.6, na pistoni za kawaida, tuanzie hapo. Hp 105 inataka kilo 5 za hewa kwa dakika. Kilo 5 kwenye lita 3,400 ni kilo 1.47 kwa kila mita ya ujazo, na kama hewa ikitoka kwenye interkula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, ina nyuzi 50, presha ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, inatakiwa iwe 1.36 bar, na hiyo ni presha kamili inayohesabiwa kutoka kwenye sifuri ya kweli, sio sifuri ya geji.

Hapo kwenye sifuri ndo watu wanapotezana. Geji ya busti, yani presha ambayo turbo inaiongeza, inakusomea tofauti kati ya ndani na hewa ya nje. 1.36 toa 0.86 ya Arusha ni 0.5, ndo utakayoiona kwenye geji. Dar kwa nguvu zilezile ungeona 0.35 tu. Mtu wa Dar na mtu wa Arusha wakikaa kubishana nani ana busti kubwa wanaongea vitu viwili tofauti kabisa.

Na kwa kompresa tofauti ni kubwa zaidi ya inavyoonekana. Ukiongeza presha inayopotea kwenye interkula na mabomba, kama 0.05, na inayopotea kwenye filta, 0.02 hivi, kompresa yetu inatakiwa ichukue hewa ya 0.84 iifikishe 1.41, yani inazidisha mara 1.68. Dar ingezidisha mara 1.42. Na kilo 5 za hewa nyepesi ya huku ni lita kama 5,100 kwa dakika mdomoni mwa kompresa, Dar ni kama 4,400. Kwahiyo kwa hp zilezile kompresa ya Arusha inameza ujazo mkubwa zaidi na inakandamiza zaidi, inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi, hapa kwetu inatoka karibu nyuzi 95 kabla ya interkula. Hesabu nyingi zinazozunguka zimefanywa na watu wa usawa wa bahari, ukizichukua kama zilivyo unaishia na turbo iliyo kwenye ukomo wake wakati karatasi inakuambia ina nafasi. Sisi tunataka kompresa yenye upana kidogo ila tabini ibaki ndogo, na hapo ndo utamu na ugumu wa kuchagua.

Tuje kwenye vyuma vyenyewe. CT26 ya kwake. 1HD-T ni dizeli ya cc 4,164, silinda sita. Ikiwa kwenye mizunguko 1,800, pale Land Cruiser inapoanza kuvuta kwelikweli, inameza 4.164 gawa 2 mara 1,800, lita kama 3,750 kwa dakika. Starlet ili imeze hewa hiyo inabidi ifike mizunguko 5,600. Ni mlinganisho wa haraka, moshi wa petroli ni wa moto zaidi kwahiyo ungeamsha mapema kidogo, tuseme hata 4,800, bado huyu mtu anaishi kati ya 2,200 na 3,800. Angepanda ukuta mzima wa Mto wa Mbu turbo ikiwa imelala, na imelala huku inaziba njia ya eksozi, kwahiyo gari ingekuwa nzito kuliko ilivyo sasa. Juu ya hapo kuna suala la joto. Moshi wa dizeli kwenye mzigo mkubwa uko kwenye nyuzi 700 na kitu, wa petroli unapita 900. Housing (ganda la chuma la turbo) na tabini iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli kuiwekea moto wa petroli kila siku ni kuomba ipasuke. CT26 za petroli zipo, zilikuwa kwenye Supra na Celica GT-Four, ila yake sio hiyo na hata ingekuwa hiyo saizi ni ileile ya kumkosesha usingizi. Nikamwambia auze, kuna mwenye 80 anaitafuta hiyo kwa udi na uvumba.

TD04L ya Forester inastahili heshima zaidi, hii ni turbo nzuri na Arusha zipo. Imekaa kwenye injini ya EJ20 ya cc 1,994 na kule inaanza kusukuma vizuri kwenye 2,800 hivi, ambapo injini inameza lita 2,790. Starlet inafika hapo kwenye 4,200. Alikuwepo gereji mzee mmoja ambaye kashika spana za magari ya rali toka zamani, na yeye alisimama upande wa TD04, akasema kijana leo anataka hp 105 kesho atataka 160, afunge kubwa mara moja. Mzee yuko sahihi kwa gari zake. Gari ya rali ina gia fupi na dereva hashuki chini ya 4,500, pale TD04 kwenye injini ya cc 1,300 inakuwa macho muda wote na inakupa hp ambazo CT9 haiwezi kuzifikia. Lakini nikamuuliza mzee, ukiwa na lori mbele kwenye kona ya tatu, gia ya tatu, mizunguko 2,600, na unataka kupita kwenye kale kanafasi, TD04 itakuwa wapi? Akanyamaza kidogo akasema hapo itakuwa bado inakuja. Basi. Turbo ya kununua kwa ajili ya injini utakayojenga siku moja inakutesa kwenye injini unayoendesha leo.

Na ile habari ya 04 na 9, wakubwa, majina ya turbo kila kampuni ina hesabu yake. 4 ya Mitsubishi haifananishwi na 9 ya Toyota. Garrett ndo wanakusaidia kidogo, GT1548 ile 48 mwishoni ni kipenyo cha gurudumu la kompresa kwa milimita upande mpana. Kwa nyingine zote beba venia, kile kipimo cha milimita, ukapime mwenyewe gurudumu, upande wa kuingia hewa na upande mpana. Chukua mdogo gawa kwa mkubwa, zidisha jibu lenyewe kwa lenyewe, mara 100, kwa mfano 36 kwa 48 unapata 56, hiyo ndo inaitwa trimu, gurudumu mbili zenye kipenyo kimoja ila trimu tofauti zinameza hewa tofauti. Upande wa moto angalia namba ya A/R iliyoandikwa kwenye housing kama ipo, ndogo inaamka mapema na kubana juu, kubwa kinyume chake. Ukimkuta muuzaji hataki upime, acha hiyo turbo.

CT9 sasa. Hii Toyota wenyewe waliifunga kwenye 4E-FTE, injini ndugu ya cc zilezile 1,331 ya Starlet Glanza V na kabla yake EP82 GT Turbo, hp 135 ikiwa Japani. Yani kazi ya kulinganisha ukubwa wa turbo na ujazo wa hii injini ilishafanywa na watu wenye maabara. Swali langu lilikuwa moja, je huku juu itatosha? Hp 135 usawa wa bahari ni kama kilo 6.4 za hewa, sawa na lita 5,600 mdomoni. Sisi tunataka lita 5,100. Iko ndani, ila sio kwa mbali, na kama angetaka hp 115 hapa Arusha angehitaji lita hizohizo 5,600 na busti ya 0.64 kwenye geji, kompresa ikizidisha mara 1.85, hapo CT9 iko mwisho wa pumzi yake. Kwahiyo kwa lengo letu inafaa na imebaki na nafasi kidogo, kwa lengo la juu zaidi ningemwambia atafute kitu cha ukubwa wa GT1548, ambayo Garrett wameiandika kwa ajili ya injini za lita 1.0 hadi 1.6. Tuliiangalia hata hiyo, ni chaguo safi, ila mpya bei yake na manifoldi ya kutengeneza ilikuwa inakaribia bei ya nusu ya gari.

Angalizo moja kubwa kwa anayeenda kutafuta CT9 mtaani. Zipo zilizotoka kwenye Starlet ya petroli na zipo zilizotoka kwenye dizeli, kama 3C-T ya Lite Ace na Town Ace. Jina ni moja, matumizi ni tofauti, na ile hadithi ya joto niliyosema juu inarudi palepale. Muuzaji wa kwanza alikuwa anatuletea ya dizeli na anaapa ni ya Glanza. Tuliigundua kwa namba ya spea iliyopigwa kwenye kibati na kwa flenji. Tuliyoichukua ni ya petroli, ilikuja na manifoldi yake ya 4E-FTE, na kabla ya hela kutoka tukapima flenji kwenye kichwa cha injini, tukashika shafti tukaitikisa. Kwenda pembeni kidogo sana ni kawaida maana beringi zake zinaelea kwenye oili, kwenda mbele na nyuma ikisikika tu kwa kidole, rudisha. Angalia pia ncha za vipepeo, zikiwa zimeguswa au kung'atwa hiyo turbo ilishameza kitu.

Kufunga sitakaa sana, ila mambo matatu hayakwepeki. Oili ya kwenda kwenye turbo inaingia kwa presha ila kurudi inashuka kwa uzito wake tu, kwahiyo bomba la kurudishia liwe nene, lishuke bila kupinda, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Turbo nyingi zinazovuta moshi wa bluu wiki ya kwanza hazijafa, bomba la kurudi ndo limebanwa. La pili mafuta. Hp 105 inataka kila nozo itoe kama cc 142 kwa dakika, na huwezi kuifungua nozo muda wote kwahiyo itafutwe ya cc 180 kwenda juu, tukaweka za 4E-FTE ambazo zinatosha na kubaki. La tatu kontrol boksi, ile kompyuta ya injini. Ile ya injini isiyo na turbo haijui hewa iliyozidi presha ya nje, ikiona hivyo itatoa mafuta kidogo na taimingi ya mbele, yani plagi inawasha mapema mno, na mchanganyiko huo kwenye kompresheni ya 9.6 unatoboa pistoni. 4E-FTE yenyewe kiwandani ina 8.2, ndo maana haiwezekani kuiga busti yake ukasema injini ni ndugu. Chalii alikuwa tayari kuacha kitu hiki kwa ajili ya bei na hapo nilikataa kabisa, bora nisifunge. Tukaweka kontrol boksi ya kutuniwa, taimingi ikarudishwa nyuma kwenye busti, tukasikiliza noki, ule mgongo wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, kwa hedifoni wakati wa kutuni barabara ya Makuyuni asubuhi mapema pakiwa hakuna magari, na kifaa cha kupima mchanganyiko kwenye eksozi kikiwa kimefungwa muda wote.

Interkula ni ya mtumba, ndogo, imekaa mbele ya rejeta. Watu wanapenda kuweka kubwa ionekane kwenye bampa, ila hii injini hewa yake ni kidogo, interkula kubwa sana na mabomba marefu ni ujazo ambao turbo lazima iujaze kwanza kabla wewe hujasikia chochote, unarudisha uvivu ambao umelipia kuuondoa. Klachi ilibadilishwa, breki za mbele zikapewa padi mpya na diski zikapigwa lezi.

Matokeo. Busti inaanza kuonekana kwenye 2,200, ikifika 2,900 geji inasoma 0.5 na inakaa hapo mpaka 5,500, juu ya hapo inashuka taratibu. Hp 105 ni ya hesabu ya hewa na mafuta yanayotumika, gari halijapanda mashine ya kupimia nguvu, ila torki ndo iliyobadilisha maisha ya huyu kijana, kwenye 3,000 alikuwa na kama Nm 100 kwa hewa ya hapa, sasa ziko karibu 145. Ukuta wa Mto wa Mbu anaupanda gia ya tatu na sehemu ndefu ya mwisho kabla ya Rhotia anaweka ya nne na mzigo uleule. Joto la maji linapanda kidogo kuliko zamani ila halitoki kwenye kawaida. Akifika juu nimemwambia asizime gari ghafla, aiache iungurume dakika moja mbili oili ipoze shafti, na oili anabadilisha mapema kuliko alivyozoea, nzuri, sio ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Mafuta akiendesha kwa utulivu yako karibu na yale ya zamani, akikanyaga yanaenda, hilo halina dawa.

Kuna mtu ataniuliza kwanini asingechukua injini nzima ya 4E-FTE akafunga. Lingekuwa jambo zuri, kompresheni ya chini, pistoni za kazi hiyo. Tuliitafuta, iliyopatikana ilikuwa na moshi na bei ya kutisha, na injini yake mwenyewe ilikuwa nzima. Ingepatikana safi ningemshauri hiyo.

Limebaki jambo moja ambalo nimemwandikia kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa dashbodi. Mwezi wa 12 anashuka Dar kusalimia wazazi. Ile springi inayozuia busti inapima tofauti na hewa ya nje, kwahiyo itaendelea kushikilia 0.5 popote aendapo. Arusha 0.5 ni 1.36 kamili. Akipita Moshi inakuwa 1.41, akishuka Korogwe inazidi kupanda, akifika Dar ni 1.51, na hewa ya Dar ni ya joto kuliko ya huku, kompresheni ni ileile 9.6. Injini iliyotuniwa vizuri Arusha inaweza kugonga noki Kibaha kwenye foleni ya malori bila mtu kugusa kitu chochote. Kabla ya kuondoka anakuja tunalegeza fimbo ya springi mpaka geji isome 0.35, tunaendesha Njiro kidogo kuhakikisha, ndo anapakia mabegi. Kwenye kupanda Same kurudi Moshi ataisikia gari imepoa kidogo, aivumilie hivyohivyo mpaka afike gereji tuirudishe.